Blugamu zimejaa Maragoli, mbona koala hayupo?

Desemba iliyopita nilikuwa kwenye matatu kutoka Kisumu kwenda Mbale ya Vihiga, mpwa wangu wa miaka tisa amebanwa kati yangu na dirisha. Ukishapita Kiboswa barabara inaanza kupanda, na huku na huku ni mawe makubwa ya Maragoli na mikaratusi, ile tunayoiita blugamu, imesimama wima kana kwamba inajua itaishia kuwa nguzo za stima. Mtoto akaniuliza: “Mjomba, mwalimu alisema koala, yule mnyama wa Australia, anakula majani ya blugamu. Sasa blugamu zote hizi, yeye yuko wapi?” Sijafungua mdomo, makanga akajibu kutoka mlangoni: “Huyo alikosa nauli.”

Gari zima likacheka. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, na nikaona makanga hakuwa mbali na ukweli.

Mti wenyewe ni mgeni wa juzi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, injini za moshi zilikula kuni bila kushiba, na mwaka 1902 mkaratusi ukaletwa Kenya kutoka Australia kwa sababu unakua upesi. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo msitu mzima unaweza kusafiri ndani ya gunia. Mnyama hasafiri hivyo. Mnyama anataka ardhi ya kukanyaga, na ardhi ya kumfikisha kwetu ilikatika zamani sana.

Koala, kangaruu na ndugu zao huitwa marsupialia. Wako zaidi ya aina 300, wengi wao Australia na New Guinea, na wengine, jambo ambalo wengi hawalijui, wako Amerika. Tofauti yao na wanyama wetu iko kwenye uzazi. Tembo hubeba mimba miezi 22, mtoto akilishwa na kondo la nyuma, na akizaliwa anasimama siku hiyo hiyo. Kangaruu mwekundu hubeba mimba siku 33 tu. Anachozaa ni kitu cha kuitwa mtoto kwa hisani: hakifiki gramu moja, hakina manyoya, macho yamefumba, miguu ya nyuma ni vinundu tu. Ila mikono ina nguvu. Kwa mikono hiyo kinajikokota chenyewe kwenye manyoya ya tumbo la mama mpaka mfukoni, kinadaka chuchu, na chuchu inavimba mdomoni hata hakiwezi kubanduka. Humo kitalelewa kama miezi minane. Kazi ambayo kwetu hufanywa na kondo, kwao hufanywa na maziwa.

Na maziwa yenyewe ni maajabu. Kangaruu jike anaweza kuwa na watoto watatu kwa mpigo: mmoja ameshatoka lakini bado anarudi kuingiza kichwa na kunyonya, wa pili amening’inia mfukoni, wa tatu yuko tumboni, kiinitete kilichosimama kukua kikisubiri nafasi. Wale wawili wanaonyonya kila mmoja ana chuchu yake, na maziwa yanayotoka si sawa: mkubwa anapata yenye mafuta mengi, mdogo anapata mepesi. Nilimsimulia jirani yangu anayefuga ng’ombe wa gredi kwamba kuna mama anayetoa maziwa ya aina mbili siku moja, akaniuliza kama kangaruu anauzwa.

Mfuko, kwa kweli, unawapa sifa isiyowaenea wote. Baadhi ya marsupialia wadogo hawana mfuko kabisa. Watoto wananing’inia tu chini ya tumbo kama matunda. Wombati, mchimba mashimo hodari, mfuko wake unafungukia nyuma, la sivyo angemjazia mwanawe udongo kila akichimba. Hata hivyo mfuko ndio uliolifikisha jina la kangaruu hadi Kisumu. Katika wadi za watoto njiti utaona mama amemfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, siku nzima. Wauguzi huiita njia ya kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipopungukiwa na mashine za kuwapasha watoto joto. Mama zetu wenye mbeleko hawakuona geni kubwa hapo, isipokuwa mtoto kuhamishwa kutoka mgongoni kuja mbele.

Lakini marsupialia sio walionishangaza zaidi. Kuna mamalia wanaotaga mayai. Wamebaki aina tano duniani: platipasi mmoja na ekidna wanne, wote wa Australia na New Guinea. Ekidna ana miiba kama nungunungu na ulimi mrefu wa kulamba mchwa kama muhanga, ingawa si ndugu wa yeyote kati ya hao wawili. Hutaga yai moja na kulilalia katika mfuko unaojitokeza tumboni msimu wa kuzaa.

Platipasi ndiye aliyewatoa jasho wasomi. Mdomo wa bata, mkia bapa, manyoya mazito, miguu yenye utando. Ngozi ya kwanza ilipofika Uingereza, mtaalamu George Shaw, aliyemweleza mnyama huyu mwaka 1799, alikiri kwamba alishuku ni mzaha wa fundi aliyeshona mdomo wa ndege kwenye mwili wa mnyama. Walipokubali kwamba ni kiumbe halisi, wakaanza kugombana iwapo anataga. Mayai hayo hawakuthibitisha mpaka mwaka 1884, pale mtafiti William Caldwell alipotuma simu ya maandishi kutoka Australia akisema ndiyo, anataga. Miaka 85 ya ubishi! Mwaka huo huo Mjerumani Wilhelm Haacke alipata yai mfukoni mwa ekidna.

Platipasi hutaga kwa kawaida mayai mawili ndani ya shimo kwenye ukingo wa mto, huyalalia kama siku kumi, na vitoto vikianguliwa vinalamba maziwa. Nasema vinalamba kwa sababu mama hana chuchu. Maziwa yanatoka kwenye ngozi ya tumbo kama jasho na kulowanisha manyoya. Hapa ndipo unapoona mpangilio wa mambo: maziwa yalitangulia, kuzaa mtoto hai kukafuata. Mababu wa mamalia wote, wetu sisi pia, walitaga.

Akiwa majini, platipasi hufumba macho, huziba masikio na pua, kisha hupekua tope gizani. Anapataje chakula? Mdomo wake unahisi umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya wadudu na kamba wadogo wanapotikisika. Wavuvi wa Dunga, hapa Kisumu, wasishangae sana: kambare, tunayemla tukimwita mumi, naye anahisi umeme kwenye maji yale ya rangi ya chai. Ila mumi ni samaki. Kwa mamalia hisi hiyo ni nadra kweli kweli. Ah, na platipasi dume ana mwiba wenye sumu kisiginoni. Usimshike.

Sasa nirudi kwa nauli. Marsupialia hawakuanzia Australia. Jamaa zao wa kale walikuwa wengi Amerika Kaskazini, na waliteremka Amerika Kusini miaka kama milioni 65 iliyopita. Wakati huo Amerika Kusini, Antaktika na Australia zilikuwa bado zimeshikana, na Antaktika haikuwa barafu tupu bali nchi ya misitu. Wakapita kwa miguu, kizazi baada ya kizazi. Mabaki yao yamechimbuliwa hata huko Antaktika. Afrika nayo ilikuwa katika bara hilo kubwa, lakini ilijitenga na Amerika Kusini miaka milioni 100 hivi iliyopita. Ni kama gari lililoondoka stendi kabla abiria hawajafika. Baadaye Australia nayo ikakatika kutoka Antaktika, ikabaki peke yake na waliomo, wakajaza kila nafasi: wa kula nyasi, wa kula mchwa, wa kuruka toka mti hadi mti, hata mmoja aliyefanana na mbwa mwitu, ambaye wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Hobart mwaka 1936.

Hadithi ingeishia hapo kama si kitu kimoja. Jamaa wa marsupialia waliwahi kuingia Afrika kwa mlango mwingine, wa kaskazini. Mabaki yao yamepatikana Fayum, Misri, yakiwa na umri wa miaka milioni 30 hivi. Halafu mwaka 2022 wanasayansi wakaeleza mwingine, waliyempa jina Morotodon, aliyeishi takriban miaka milioni 20 iliyopita. Alipatikana wapi? Moroto, Karamoja, upande wa Uganda, ng’ambo tu ya mpaka wa Pokot Magharibi. Ndiye wa mwisho anayejulikana katika bara zima. Umri wake haupishani sana na mifupa ya kale ya Rusinga na Songhor tunayojivunia hapa Nyanza.

Nikampigia mpwa wangu simu kumweleza yote haya. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kwa nini basi tusimlete koala kwa ndege, chakula si kipo. Nikamwambia majani ya mkaratusi yana sumu, na kitoto cha koala hakiwezi kuyasaga mpaka kwanza kilishwe kinyesi laini cha mama yake, ambacho kina vijidudu vya kusaidia tumbo.

Akanyamaza kidogo.

“Mjomba,” akasema, “basi akae tu huko kwao.”