Kutabiri hiti si kuipendekeza ngoma

Ngoma ikianza kujileta yenyewe kwenye YouTube ya kila mtu, vijiweni Sinza hakosekani wa kusema "algorithimu ilishaitabiri." Hiyo programu inayokuchagulia video haikutabiri. Iliipendekeza.

Kutabiri hiti ni kuipa programu sifa za wimbo ambao haujatoka: mapigo kwa dakika, urefu, mashairi, pengine ukubwa wa jina la msanii. Inazilinganisha na nyimbo za zamani ambazo matokeo yake yanajulikana, halafu inatoa uwezekano. Basi.

Algorithimu ya mapendekezo inafanya kazi baada ya wimbo kutoka. Inaangalia nani kabofya, nani katazama hadi mwisho, kisha inawapelekea wanaofanana nao. Anayeusukuma mkokoteni hawezi kudai alibashiri utafika. Na msukumo wenyewe ndio unaoharibu utabiri. Mwaka 2006 watafiti Salganik, Dodds na Watts walichapisha jaribio la watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 zisizojulikana. Washiriki waligawanywa makundi, na katika makundi 8 kila mtu aliona wenzake wa kundi lake wamepakua nini. Wimbo uleule ukapaa kundi hili, ukadoda kundi lile. Nzuri kabisa hazikuanguka sana, mbovu kabisa hazikupanda sana. Za katikati zilikwenda popote.

Ukiiingizia programu ya kutabiri idadi ya wasikilizaji wa wiki ya kwanza, hutabiri tena, hapo unapima kasi ya wimbo uliokwisha kutoka. Promota ana haja nayo, ila ni kazi nyingine.

Halafu hizi tambo za "usahihi asilimia 98". Chukua nyimbo 1,000, hiti ziwe 20. Programu inayojibu "haitabamba" kwa kila wimbo inapatia 980, na haijaokota hiti hata moja! Uliza kati ya zile 20 imezinasa ngapi, na kati ya ilizozisifia zimebamba ngapi.

Kwa singeli kuna balaa la ziada. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, na programu za kuhesabu mara nyingi huyakata nusu: ngoma ya 220 inaandikwa 110, inachanganywa na Bongo Fleva ya kawaida. Prodyuza achukue tempo aliyoiweka mwenyewe kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, alipotengeneza biti, asiiachie programu ikisie.

Kwa hiyo ngoma ikikufuata kwenye simu bila kuitafuta, sema "algorithimu inaipigia debe". Wa kutabiri tumdai jibu lake kabla wimbo haujatoka.