Maji yaliyochemshwa: moto unaua nini, unaacha nini

Kuanzia Kirumba hadi Igombe, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria mkoani Mwanza, wengi huamini kwamba maji yakishachemka hayana tena cha kudhuru. Kwa vijidudu, ni kweli: yakitokota dakika moja tu, vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa.

Kemikali ni habari nyingine. Floraidi (madini ya asili ambayo yakizidi huharibu meno) na naitreti (chumvi itokanayo na mbolea na vinyesi) haziondoki na mvuke. Chukua lita 2 za maji ya kisima yenye floraidi miligramu 1.5 kwa lita, uyasahau jikoni mpaka ibaki lita moja na nusu: sasa kila lita ina miligramu 2. Sumu za ule ukijani unaotanda ziwani siku za utulivu nazo huhimili moto. Tena seli za ukijani huo zikipasuka sufuriani, sumu iliyokuwa ndani humwagika majini.

Ukijani unaweza kuuchunguza nyumbani. Jaza maji ya ziwa kwenye chupa angavu hadi robo tatu, uiache usiku kucha bila kuitikisa. Tabaka la kijani likipanda juu, huenda ni aina yenye sumu. Usiyanywe maji hayo hata ukiyachemsha. (Lisipopanda, hicho si cheti cha usalama.) Floraidi haionekani kwa macho: peleka maabara chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale. Ya kupimia vijidudu ni chupa nyingine, iliyotakaswa, isiyosuuzwa, ikae kwenye barafu na ifike ndani ya saa 24.

Kwa kuwa hatari za maji ni za aina nyingi, watafiti wa maji hufaa kufunzwa pamoja: mkemia asome kipimo, daktari akague meno ya watoto, na wa tatu, mtafiti wa jamii, aulize ndoo ya kunywa inachotwa wapi masika, na wapi kiangazi.