Kwa nini upele wa mtoto hurudi hata baada ya kupakwa dawa?

Mtoto wa darasa la pili huko Newala ana upele: vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na makalioni. Usiku halali kwa kujikuna. Mama ananunua BBE (dawa ya upele ya kupaka, benzyl benzoate), anampaka, ngozi inatulia. Mwezi haujaisha, anajikuna tena, na majirani wanasema haogi.

Maneno hayo yananiuma kila nikiyasikia. Ni kweli juu ya uwanda wa Makonde, ilipo Newala, maji ni ya shida tangu zamani, chemchemi ziko chini kabisa bondeni. Lakini upele unaletwa na mdudu asiyefikia hata nusu milimita. Jike hujichimbia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai 2 au 3 kwa siku. Maji na sabuni havimfikii humo. Hata anayeoga kutwa mara tatu atampata akilala mkeka mmoja na mwenye upele.

Sasa, kwa nini hurudi? Muwasho ni mwili kumkataa mdudu, mayai yake na kinyesi chake, na kwa anayeambukizwa mara ya kwanza mwili huchukua wiki 4 hadi 6 kushtuka. Kwa hiyo mdogo wake anayelala naye, aliye fofofo na hana hata kipele kimoja, huenda tayari anao. Mama anampaka anayejikuna, anamwacha asiyejikuna. Siku chache tu, wadudu wamerudi walikotoka.

Ndiyo maana dawa hupakwa nyumba nzima siku moja, shingoni hadi nyayoni, hadi chini ya kucha, na kurudiwa baada ya wiki kama zahanati itakavyoelekeza. Kwa mtoto mchanga, uliza kwanza: BBE ni kali. Nguo na shuka zifuliwe na kuanikwa juani. Maji yakiwa haba, zifunge kwenye mfuko wiki nzima. Nje ya mwili mdudu huyu haishi zaidi ya siku 2 au 3.

Vidonda vya kujikuna visidharauliwe. Bakteria wanaoingia humo wanaweza kudhuru figo, hivyo mtoto akivimba uso au mkojo ukawa mwekundu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Upele si jambo dogo: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele.

Jambo moja huwatisha kina mama: muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 wadudu wakiwa wamekwisha kufa. Kumpaka BBE kila siku wakati huo ni kumchoma ngozi bure.