Swichi kubwa haikati umeme yenyewe

Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Gungu, wengi huamini kwamba swichi kubwa ya kwenye kisanduku cha umeme ndiyo mlinzi wa nyumba: shoti ikitokea, itakata. Si kweli, na imani hii ni ya hatari.

Swichi hiyo, mara nyingi ya ampea 63 au 100, ni kitenganishi tu. Ndani yake hakuna kinachopima joto wala mkondo. Hufungua, yaani hutenganisha, laini na nyutro (nyaya mbili zinazoleta na kurudisha umeme) kwa mkono wa mtu, basi. Kukata shoti ni kazi ya sakiti breka: ampea 6 au 10 kwa taa zenye waya wa milimita za mraba 1.5, ampea 20 kwa soketi zenye waya wa 2.5. Umeme ukivujia ardhini kupitia mwili wa mtu, kinachomwokoa ni RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Itambue kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze umeme ukiwepo. Isipokata, ni mbovu. Kama kitufe hicho hakipo popote kisandukuni, tafadhali mwite fundi mwenye leseni aifunge.

Na hata ukiizima swichi kubwa, nyaya zinazoingia kutoka mita ya LUKU bado zina volti 230. Fundi makini huzima breka kwanza ili swichi isifunguke ikiwa na mzigo na kuunguza ncha zake, kisha huizima yenyewe, halafu hupima kwa tesa aliyoijaribu penye umeme. Skrubu ya swichi hiyo ikilegea, plastiki hubadilika rangi na kunuka, na swichi haitakata.