Kontua: mistari inayoonesha umbo la mlima chini ya msitu

Kontua ni mstari wa ramani unaounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Sisi wa visiwani tunaijua bila ya kuambiwa. Bamvua linapotoka huacha ufukweni alama ya mwani mkavu, na alama hiyo hufuata kila hori na kila rasi bila ya kupanda wala kushuka. Lau bahari ingejaa mita 20 zaidi ikaacha alama, kisha 20 nyengine, mpaka kileleni, alama hizo zikitazamwa kutoka juu ndizo kontua.

Faida yake kubwa iko kwenye milima ya misitu. Rangi ya kijani katika ramani inasema miti ipo, basi; haisemi imesimama penye tambarare au ukingoni mwa genge. Chukua Udzungwa, kule bara. Msitu wake unapanda bila ya kukatika kutoka mita 250 hivi hadi zaidi ya 2,000. Kijani ni kile kile, lakini kwa kontua za kila mita 20 utavuka mistari zaidi ya 80. Inapobanana, mteremko ni mkali. Penye maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha kiasi cha mita 170, mistari minane hivi inakaribia kugusana. Inapopinda na ncha kuelekea juu, hapo pana bonde, na aghalabu mto. Ncha ikielekea chini, ni mgongo wa mlima.

Jambo moja wengi hawalitilii maanani: ramani nyingi za misitu minene zilichorwa kwa picha za ndege, na ndege huona vilele vya miti. Mchoraji hukadiria urefu wa miti na kuutoa, kwa hiyo korongo dogo linaweza kukosekana kabisa.

Kwetu tatizo ni jengine. Masingini, Unguja, ina kiasi cha mita 120: kwa kipimo kile kile ni mistari sita tu. Na kilima cha mita 15 kikianzia juu kidogo ya mstari mmoja, hakiufikii wa pili, hakionekani. Vilima vya Pemba, na mabonde ya mpunga yaliyo katikati yake, vinahitaji kontua za karibu zaidi. Kabla ya kuamini kwamba pahala ni tambarare, tazama pambizoni mwa ramani uone mistari imeachana kwa mita ngapi.