Je, wajua kwa nini ushirika wenye matunda tele hushindwa kujaza kontena moja?

Ukilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza utadhani unadanganywa: chama cha ushirika kinaweza kuwa na matunda yanayooza chini ya miti, na wiki hiyo hiyo kikamwarifu mnunuzi kwamba mzigo haukutimia. Si uvivu, wala mara nyingi si wizi. Ni hesabu.

Chukua parachichi. Kontena la ubaridi la futi 40 hubeba takriban tani 20, yaani maboksi 5,000 na ushei ya kilo nne nne. Mwenye shamba kubwa hulijaza kutoka miti ya aina moja na ya umri mmoja kwa siku mbili tatu. Chama kidogo hulijaza kwa vikapu. Tuseme kila mwanachama ana kilo 200 zilizokomaa: watahitajika wanachama 100. Lakini mnunuzi hataki parachichi tu. Anataka la ukubwa fulani, lisilo na makovu, tena lililokomaa vya kutosha. Nusu ya mzigo ikikataliwa kwenye meza ya kuchambulia, wanachama wanaohitajika wanakuwa 200, na wote wavune kwa pamoja. Miti nayo haisomi barua za katibu. Bondeni imekomaa, mlimani bado wiki mbili.

Basi mzigo wa aliyevuna kwanza unamsubiri atakayevuna mwisho, na hapo ndipo hasara huanzia.

Tunda likishachumwa haliachi kupumua. Linavuta oksijeni, linaunguza sukari yake lenyewe na kutoa joto. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo parachichi lililopozwa mapema laweza kukaa melini wiki tatu likafika gumu na salama, ilhali mwenzake aliyeshinda mchana mmoja juani kwenye kituo cha kukusanyia amekwisha kupoteza siku kadhaa za uhai wake kabla lori halijawashwa. Watu hulaumu meli na barabara. Mimi nalaumu zaidi yale masaa machache kati ya mti na mzani, kwa sababu hayaandikwi popote.

Tena kuna kosa ambalo hata viongozi wazoefu hulifanya: kudhani kontena litapoza matunda. Kontena la ubaridi limeundwa kutunza ubaridi uliokwisha kuwamo. Ukipakia matunda yenye joto, katikati ya shehena yatabaki na joto lake kwa siku nyingi. Lazima yapozwe kwanza, na chumba cha kupozea ni ghali kwa chama kinachovuna miezi michache tu kwa mwaka. Wala usidhani vyama viwili vya matunda tofauti vitachangia chumba kimoja kirahisi. Tofaa hupenda baridi inayokaribia nyuzi sifuri, lakini ndizi mbichi ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi, ganda lake hugeuka kijivu na haiivi vizuri tena. Halafu kuna gesi ya ethilini, ambayo matunda kama ndizi, embe na parachichi huitoa yanapoiva. Embe moja lililotangulia kuiva ndani ya boksi huwaamsha wenzake wote waive. Mkulima mmoja akichuma yaliyokolea mno, ameharibu safari ya majirani zake.

Mikono nayo ina lake. Embe likikatwa kikonyo karibu kabisa na tunda, utomvu huruka na kuchuruzika ubavuni. Wakati huo huoni kitu, tunda linang'aa. Baadaye mchirizi ule unageuka alama nyeusi ya kuungua, na embe tamu kabisa linashushwa daraja. Dawa yake ni kuacha kikonyo kirefu, kukipunguza baadaye, kisha kuliinamisha tunda juu ya chanja mpaka utomvu uishe. Kazi rahisi, ila inataka subira, na mvunaji anayelipwa kwa idadi ya kreti hana subira.

Somo hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 machungwa ya California, Marekani, yalikuwa yakiozea kwenye mabehewa yakipelekwa mashariki ya nchi. Wengi walilaumu reli. Mtaalamu wa serikali, G. Harold Powell, alifuatilia akakuta chanzo kiko nyuma zaidi: ncha za mikasi ya kuvunia, kucha za wavunaji, changarawe na vijiti chini ya makasha. Kila mkwaruzo ulikuwa mlango wa kuvu. Machungwa yaliyoshikwa kwa uangalifu yalifika mazima kwa reli ile ile. Mwaka 1912 wakulima wakamchukua Powell awe meneja mkuu wa ushirika wao.

Siku hizi kuna mtego mwingine ambao Powell hakuujua. Katika Umoja wa Ulaya, dawa ya wadudu isiyowekewa kiwango chake maalumu hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo ya tunda. Kwenye tani 20 hiyo ni gramu 0.2 tu. Mwanachama mmoja akipuliza dawa isiyoruhusiwa, na matunda yake yakachanganywa na ya wenzake bila alama, shehena nzima yaweza kukataliwa. Ndiyo maana kreti huandikwa namba ya mkulima. Vijana wa ghalani huiona kazi hiyo kama urasimu, mpaka siku ya balaa.

Na pesa? Chama huuza, husubiri meli ifike, husubiri ukaguzi, ndipo kilipe. Dalali yeye amesimama chini ya mti na noti mkononi. Bei yake ni ndogo lakini ni ya leo, na mwenye mgonjwa nyumbani haishi kwa bei ya mwezi ujao. Dalali huchagua yaliyo bora, chama kinaletewa mabaki, mzigo haujai, malipo yanachelewa zaidi, na msimu unaofuata wanaouza pembeni wanaongezeka. Kuwafukuza hakusaidii. Vyama vilivyopunguza tatizo hili hulipa sehemu ya fedha papo hapo kwenye mzani, na kwa hilo vinahitaji mkopo wa msimu kuliko vinavyohitaji hotuba.

Wakati mwingine kinachokwamisha hata si tunda. Ule ushirika wa machungwa wa California, ulioanza mwaka 1893 na baadaye kujulikana kwa jina la Sunkist, uliwahi kubanwa na uhaba wa mbao za makasha. Mwaka 1907 wakulima wakaunda kampuni yao ya vifaa, nayo ikaja kumiliki misitu na viwanda vya kupasulia mbao, ili chungwa lipate pa kuwekwa.