Utelezi wa kijani hauli chuma

Kila chombo cha chuma kinapopandishwa pwani, iwe Malindi au Mkoani, nalisikia lile lile: "Mwani unakula chuma, usugue utoke." Basi hushikwa brashi ya waya, na utelezi huondoka pamoja na rangi ya msingi. Chombo kikirudi majini, kutu huanzia pale pale palipokwanguliwa, na mwani ndio unaolaumiwa. Jamani, tuache.

Kutu ya baharini ni kazi ya umeme. Kwenye anodi chuma huyeyuka, kwenye kathodi oksijeni hupokea elektroni. Kwa hiyo swali la maana ni moja: oksijeni iko wapi, na wapi imepungua?

Hapo ndipo dayatomu, mwani mdogo usioonekana kwa macho, na wenzake wanapoingia, na hapo ndipo watu wanapotaka jibu la neno moja. Halipo. Mchana, jua likiwaka, viumbe hivi hutengeneza oksijeni juu ya ngozi ya chuma, hata ikazidi ile ya maji ya pembeni. Kathodi inapata nguvu, na kutu nayo. Lakini wakati huo huo vinafyonza kaboni dayoksaidi, pH, kipimo cha asidi na alkali, inapanda juu ya ile 8.1 ya kawaida ya bahari, na chokaa inaweza kuganda juu ya chuma na kupunguza kutu. Jua likizama vinapumua tu, na oksijeni ile ile vinaimaliza. Doa lililokuwa kathodi adhuhuri laweza kuwa anodi usiku wa manane.

Ndiyo maana majaribio ya maabara hayakubaliani: mengine yanaona mwani unaongeza kutu, mengine unaipunguza. Mimi siyaamini sana yale yanayofuga mwani peke yake chini ya taa isiyozimwa. Bahari yetu ina usiku, na mwani hauishi bila bakteria.

Na bakteria ndio wa kuogopwa. Utando wa utelezi ukiwa mnene, chini yake hewa haifiki, na wale wanaotumia salfeti ya maji ya bahari wanastawi. Ukikwangua kwa kipande cha mbao ukakuta weusi wenye harufu ya yai viza, na chini yake shimo la chuma king'aacho, hapo una shida ya kweli. Kwenye nguzo za gati patazame hasa karibu na kina cha maji ya kupwa ya bamvua. Wengi hukagua juu tu, panapofikika kwa miguu mikavu.

Stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, nayo si kinga: utando huipandisha volteji, na kwenye maji ya chumvi hilo huisogeza karibu na kutoboka.

Kwa hiyo utelezi uoshe kwa sifongo au brashi laini, mapema, kabla haujawa mnene. Rangi iliyochubuka irudishie kabla chombo hakijashuka. Zinki, kile kipande kinachofungwa kwenye chombo ili kiliwe badala ya chuma, kagua ikiwa imebaki, na tafadhali, usiipake rangi. Ikifunikwa haifanyi kazi yoyote.